Koti la Karani

Usinikunjie uso kabla sijamaliza. Kama hujawahi kuona nyani akingoja lori lipite ndipo avuke barabara, ni kwa sababu hukuwapo Kibondo mwaka tisini na sita, misitu ilipogeuka kuni na wenye misitu wakahamia mjini. Kaa, usikilize. Kijiwe kilikuwa ndani ya kibanda cha kahawa cha Mama Immakulata, pale njia ya hospitali inapoachana na barabara ya Nyakanazi. Ilikuwa Juni, asubuhi ya baridi na vumbi, na benchi lilikuwa na wenyewe watatu: Longinus, karani mstaafu, aliyeitwa Karani hata na mke wake, Venanti, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi, na Pasikali fundi baiskeli, aliyeitwa Breki kwa sababu baiskeli alizotengeneza hazikuwa nayo. Mama Immakulata alimimina kahawa, sikio likiwa nyuma ya kibanda, kwenye mwamba alikoanika makopa yake ya muhogo. Magunia mawili nyani walishayala. Lililoanikwa leo ndilo la mwisho, na nyumbani alikuwa na wajukuu wanne wasiojua kula maneno.

— Jana nimevaa koti la marehemu mume wangu, akasema. Na kofia yake. Si mnajua nyani wa hapa mwanamke hawamhesabu? Wanamkimbia mwanamume tu.

— Wakakimbia? akauliza Redio.

— Wakakimbia. Halafu kitenge kikalegea, nami nikajisahau, nikakifunga upya. Lile dume kubwa likaniona. Mama wee! Likarudi, likakaa, likala huku linanitazama usoni. Nikavua koti nilipige nalo, likaninyang'anya. Limeondoka nalo.

— Limesoma hilo, akasema Breki.

— Si kusoma, ni utawala, akasema Karani, aliyekuwa ametundika koti lake kwenye msumari ili moto wa jiko umfikie vizuri. Nyani wale wana balozi wao wa nyumba kumi. Siku ya soko wanafika kabla ya wauzaji. Nani anawapa taarifa?

— Acha fiksi, mzee, akasema Breki. Wanasikiliza kengele ya shule. Shule ikifungwa wanajua jalala lake halina kitu, wanahamia hospitali kwenye makombo ya wagonjwa.

— Na hospitali wanapanga foleni?

— Wanapanga kuliko wewe.

Redio akasogea mbele, kikombe mkononi.

— Ninyi hamna habari. Lile dume lilijiandikisha kupiga kura mwaka jana. Shemeji yangu wa Kasulu aliliona kwa macho yake. Limesimama mstarini, limevaa koti.

— Koti limelipata jana, Redio, akasema Karani. Uchaguzi ulikuwa mwaka jana.

— Lilikuwa na jingine!

— Basi huyo alikuwa shemeji yako mwenyewe, akasema Breki.

— Na lilipigia chama gani? akauliza Karani.

— Kura ni siri, bwana.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mama Immakulata hakucheka. Hakuwa mtu wa kuomba kitu ambacho kila mwenye macho anakiona, na hawa watatu macho walikuwa nayo sita.

— Na makopa yangu?

— Hilo, mama, linahitaji kamati, akasema Karani. Mwenyekiti, katibu, na mjumbe mmoja wa kuandaa ripoti.

— Mimi mjumbe, akadakia Breki. Niongezee kahawa.

Hapo akaingia binti mwenye sare nyeupe, akipiga vumbi viatuni. Alikuwa Elieth, muuguzi aliyehamishiwa Kibondo wiki ile kutoka Same, bado anashangaa kila kitu.

— Shikamoo bibi. Shikamooni wazee. Nimeona nyani watano wamepanga mstari juu ya ukuta hapo nyuma. Wanangoja nini?

— Wanangoja makopa yangu, mwanangu.

— Hakuna kinachowatisha?

— Mwanamume, akajibu Redio kwa kifua. Wakimwona mwanamume, dada, mbio!

— Hata akikaa tu, hafanyi kitu?

— Hata akikaa tu.

Elieth akawatazama mmoja mmoja, kwa upole kabisa, kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano.

— Sasa kwa nini hamwendi kukaa kule?

Karani akachungulia ndani ya kikombe. Breki akakumbuka kukohoa. Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, akazimika.

Nyuma ya kibanda dume likabweka.

Mama Immakulata akaipua birika. Akafungua kitenge chake, akakitupa kwenye mapaja ya Karani. Chini yake alikuwa amevaa suruali ya marehemu, imekazwa kwa kamba ya katani. Akachukua koti msumarini, akalivaa, akachukua na kofia ya marehemu.

— Mama Immakulata, hilo koti langu!

— Linaenda kazini. Wewe funga hicho kitenge, baridi isikupige.

— Na kahawa? akauliza Breki.

— Imekwisha.

Akaokota fimbo, akamshika Elieth mkono, wakatoka.

— Jamani, mbona unafunga mlango? Redio akapiga kelele.

— Nyani wasiwaone, akajibu kutoka nje. Wakiwazoea ninyi, hata koti halitanisaidia.

Akafunga.