Ukuta Ulioketi Basini

Nassima alikuwa amesimama basini, amechoka, hana hamu na maneno ya watu. Lakini masikio hayana pazia.

"Kijana, kifusi kinakaa, mimi nasimama?" bibi mmoja alifoka. Kwenye kiti cha dirishani kilikaa kipande cha ukuta, na mwenyewe kando yake amekikumbatia kama bibi harusi.

"Si kifusi, bi mkubwa, ni sanaa. Nimekibandua kwenye nyumba inayobomoka kule Kasba, mji wa kale." Akakigeuza. Katikati ya chokaa palikuwa na doa la mviringo. "Ona, kama mwezi! Mchoraji gani angeweza?" Akakirudisha, doa likaegemea kiti lisikwaruzike. "Basi nikipakate, ukae."

Bibi alikuwa amebadilika rangi. "Acha. Mwache akae."

"Nani?"

"Mama yangu. Hicho ni kisogo chake. Alipaka nywele mafuta ya zeituni, akaegemea ukuta ule kila siku, akimngoja kaka yangu arudi vitani. Akafia palepale. Mrudishe."

Vita hivyo viliisha kabla Nassima hajazaliwa, lakini hilo si jambo la kumwambia mtu basini.

"Nimrudishe wapi? Nyumba yenyewe inaanguka! Kwangu watu watamwona."

"Watu watamwona. Na kaka je, akirudi, atamkuta wapi?"

Basi likasimama. Kijana akashuka na ukuta wake, bibi nyuma yake, wangali wanabishana. Nassima akakiwahi kile kiti cha dirishani, akaegemea, akafumba macho.

Kisogo chake kikalowa. Akapapasa, akanusa vidole: mafuta ya zeituni, mabichi, na bado yana joto.