Paa Jipya la Makhanu

KUH: MADAI YA UHARIBIFU WA MALI KWA MVUA YA MAWE, NYUMBA YA MAKAZI, LUBAO. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu ambayo Makhanu aliitandaza kwenye benchi letu Ijumaa asubuhi, kando ya birika la kahawa la Milcah. Mawe yalitoboa paa lake Jumanne. Jumatano, yeye akiwa mjini kuchukua fomu, majirani na kwaya waliezeka mabati mapya aliyoyakopa mkewe dukani, wakaomba, wakala kuku, wakaondoka. Kumbe fomu, ukurasa wa tatu, inasema nyumba isiguswe hadi mkaguzi afike. Bima isipolipa, ng'ombe wa maziwa anauzwa.

— Mnanisaidia ama mnakunywa tu?

— Tunafanya yote, alisema Osiako, tunayemwita Jaji kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi mara moja. Panda juu na msumari. Haba na haba hujaza kibaba: toboa moja moja.

— Mimi ni mzee wa kanisa, Jaji!

— Toboa leo, utubu Jumapili.

Wandera, jina lake la kijiweni Setilaiti, akacheka.

— Ya nini? Huko juu kukuwanga na kamera inapiga paa zote za Kenya. Andikia waziri akutolee picha ya Jumanne.

— Jumanne si kulikuwa na mawingu? Milcah akauliza, akimimina.

— Basi ya Jumatatu na ya Alhamisi. Ya katikati wajazie wenyewe.

— Mimi natafuta mtu aliyeweka yale mawe kwa friji, Jaji akasema. Hicho ni kielelezo.

— Si kitayeyuka mbele ya hakimu?

— Ndiyo uzuri wake. Ushahidi gani mwingine unalianga machozi?

Pikipiki ikasimama. Akashuka mama mwenye gambuti, kitambulisho shingoni: Cheptoo, mkaguzi wa bima.

— Mulembe, wazee. Bwana Makhanu ni nani?

— Ni mimi, madam. Lile paa... walishaezeka.

— Nimeliona toka barabarani, linang'aa. Si neno, watu hufanya hivyo. Nionyeshe tu mabati ya zamani. Yako wapi?

Makhanu akatugeukia. Jaji akachungulia kikombe chake. Setilaiti akatazama mbinguni. Milcah akatangaza kwamba kahawa imeisha, na birika lilikuwa nusu.

Mabati ya zamani yalikuwa kumi na nane. Sita yamezunguka choo cha Jaji, saba ni banda la kuku la Setilaiti, matatu yanakinga upepo jikoni kwa Milcah, na mawili ninayo mimi. Tuliyachukua Jumatano jioni, baada ya maombi.