Mpimaji Aliyekaa Sakafuni

Ndugu waombolezaji, Jumanne asubuhi nilikuwa nakamua mashuka ya dada yangu niyarudishe wodini, simu ikalia, nikayaacha kwenye beseni. Familia imeniomba nisome wasifu wake mimi kwa kuwa ndiye niliyemuuguza.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, wa kwanza kati yetu watano, akamaliza sekondari mwaka 1983, kisha chuo cha ualimu, na mimi alinifundisha kusoma kwa makofi, jambo alilolikana baadaye mbele ya wataalamu. Desemba 1993 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa makuzi ya watoto, kuwapima wa miaka mitatu kwa maswali yaliyotungwa kwa kuwachunguza watoto weupe peke yao, huku watoto weusi wa mitaa yetu wakipimwa kwa maswali hayo hayo na kuandikwa wana akili nzito. Juni 1998 ikawa zamu ya mwanangu wa pili, mpimaji mwingine akamwonyesha kikombe, akamuuliza ni nini, mtoto akanyamaza, ikaandikwa "hajui", na barua ya kumpeleka shule ya watoto wenye akili nzito ikaja. Dada aliketi naye sakafuni akamuuliza mbona hukumjibu mgeni, naye akasema, "Mama mkubwa, kwani yeye hakioni?"

Akarudia na watoto arobaini, safari hii kikombe akakificha mfukoni wapapase wamwambie, wakasema mpaka akachoka. Alikataa kusaini fomu za zamani, akahamishiwa stoo ya mafaili miezi saba, hakurudi nyuma, na mwaka 2001 kituo kikakubali kutunga kipimo kipya kwa watoto wa rangi zote, kina mama wakiwemo kwenye kamati. Barua ya mwanangu ilifutwa, leo ni fundi umeme na haachi kuongea. Wengine walikuwa wameshapoteza miaka mitatu katika shule hiyo, na hilo lilimuuma dada hadi mwisho.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 14 Mei 2024. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotufulia na kutupikia, na wenzake wa kituoni.

Jumapili, siku mbili kabla, aliruhusiwa kuja nyumbani kwa siku moja, chakula cha jioni kikapakuliwa, akatuhesabu kwa kidole, wakubwa kwa wadogo, akakataa kuanza mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa mlangoni aingie ahesabiwe naye, tukawa kumi na wawili, ndipo akasema, "Haya, kuleni." Pumzika, dada, tumetimia.