Mfungo Usio na Futari

Asifiwe Bwana aliyenifumbua macho kwa mdomo wa mpishi! Ndugu zangu, mnanijua: mwalimu wa chuo hapa misheni, mtu aliyekaa seminari miaka saba akarudi na Kilatini na kiburi. Kilatini kimepungua. Kiburi ndicho ninachokishuhudia leo.

Ilikuwa Kwaresima, mwaka ule Wadachi walipokuwa wakileta reli yao kutoka pwani. Chuoni alikuwapo mwanafunzi aitwaye Klemensi, mtu wa Kisaki. Mwanzoni mwa mfungo alipata habari kwamba mama yake amefariki. Akaniomba ruhusa aende matangani. Nikamwambia mitihani iko karibu, amwombee marehemu hapa hapa, ataenda baada ya Pasaka. Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," akaondoka. Nami nikamsifu moyoni kwa utii wake!

Tangu hapo Klemensi akaacha kucheka. Akaacha kula. Akagawa jembe lake, akagawa na blanketi, na baridi ya huku Uluguru mnaijua. Mwandiko wake, uliokuwa mzuri kuliko wangu, ukawa kama kuku amepita juu ya karatasi. Mimi nikafanya nini? Nikamsimamisha mbele ya darasa nikasema, "Tazameni, huyu ndiye anayefunga Kwaresima!" Naona haya hata kulitamka.

Jumapili moja, mchana, mpishi wetu Bi Mwanaidi, Mwislamu wa mjini Morogoro, alinijia na sahani ya ugali usioguswa.

"Mwalimu, kijana wako Klemensi amefunga nini?"

"Kwaresima, Bibi."

"Leo Jumapili. Si mliniambia Jumapili mnakula?"

Nikaanza kumweleza habari za watakatifu wa jangwani. Akanikatiza.

"Mimi nafunga tangu hujaota ndevu. Aliyefunga hungoja jua lizame. Huyu hangoji kitu. Mfungo gani hauna futari?"

Nilikwenda bwenini mbio. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba. Mwenzake mmoja akasema, "Katoka tangu misa, Mwalimu. Kaniachia na rozari, eti haihitaji tena." Kisha akaniangalia. "Si wewe uliyetuambia tumwige?"

Nilimtafuta kanisani, kisimani, jikoni. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi moja, Mungu anisamehe. Nikamkuta mwisho wa shamba la kahawa, ameketi peke yake. Sikujua maneno ya hekima, nikamuuliza wazi: "Klemensi, unataka kufa?"

Akajibu kwa upole, kama anayeitikia jina lake darasani: "Ndiyo, Mwalimu."

Kisha akanisihi nisimwambie Padre Mkuu, atafukuzwa, na ukoo wake utaaibika. Nami, ndugu zangu, nilitamani kukubali! Kwa maana Padre angeuliza nani aliyemnyima ruhusa. Nilimshika mkono, sikuuachia mpaka mlangoni kwa Padre.

Padre akauliza kweli. Nikasema, "Mimi."

Hakumfukuza. Alituma mtu Kisaki amlete mjomba wake, na siku zote hizo hatukumwacha peke yake, tulipokezana. Mjomba alipofika, alimtazama kichwani akashtuka.

"Hajanyolewa! Mpwa wangu, nani alikukataza kumlilia mama yako?"

Ua zima likanigeukia mimi.

Mzee akaomba wembe na maji, akamnyoa pale pale uani, kama mfiwa anavyonyolewa kwao, huku akimlilia dada yake kwa sauti. Klemensi naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu habari ile. Alilia mpaka akasikia njaa.

Hakupona siku ile moja. Alikwenda kwao, akakaa miezi, akarudi. Leo ni mwalimu mwenzangu, na ndiye aliyenipa ruhusa niwaambieni haya.

Namshukuru Mungu kwa uhai wake! Nanyi wenye vijana chuoni, ukimwona mmoja ameacha kula, anagawa vitu vyake, amenyamaza, usiharakishe kumwita mtakatifu. Muulize. Kaa naye. Kisha mpeleke kwa anayeweza kusaidia, hata kama ukweli utakuvua nguo wewe mwenyewe. Nilimwomba Mungu aniondolee woga nisipate. Nilifika na woga wangu mpaka mlangoni kwa Padre, nikabisha hodi. Mtumainini Mungu, ndugu zangu, mbishe hodi.