Rili ya Mama Lokol na Ng'ombe wa Kinoti

Ukitoka soko la mifugo ukielekea mjini, angalia upande wa kivuli: utaona watu wamekaa bila haraka huku kazi zikiwangoja. Hapo ndipo kwetu. Benchi ni ubao wa kitanda kilichovunjika, limeegemea ukuta wa karakana yangu ya pikipiki, na birika ni la Akai, ambaye sote tunamwita Mama Lokol. Kahawa yake ina tangawizi ya kukwaruza koo. Kila asubuhi anafika Dabasso, dalali wa mifugo, tunayemwita Meno kwa sababu hajawahi kununua mnyama bila kumfungua mdomo. Anafika pia Mahat, muuza viatu, tunayemwita Satelaiti kwa sababu habari za ng'ambo humfikia kabla hazijatokea. Mimi wananiita Spoki. Asubuhi hiyo tulikuwa na mgeni, Kinoti, aliyekuja na ng'ombe wa maziwa na ndama, akawafunga kwenye nguzo ya stima mbele ya mlango wangu. Karakana za wenzangu zina wateja, yangu ina ng'ombe.

Ng'ombe alikuja kwa sababu ya kitu ambacho Mama Lokol alikitoa ndani ya soksi. Kilikuwa cheusi, kinatosha kiganjani, kina mkono wa kuzungusha na uzi mwingi ndani. Kijana wake Lokol yuko Uarabuni, anafanya kazi kwenye boti ya kupeleka watalii kuvua samaki. Kila Krismasi anasema mwaka ujao nitakuja, na miaka imekuwa mingi. Wiki iliyopita alituma ujumbe mfupi, "Mama, mzigo unakuja," kisha simu yake ikawa haipatikani. Jana basi likaleta ile soksi. Kinoti anamjua mtu mwenye kambi ya wavuvi kwenye bwawa huko juu, na alipopata fununu akaja mbio na ng'ombe: tubadilishane. Mama Lokol alikuwa amechoka kungoja mtu. Ng'ombe angalau ungemkuta nyumbani ukirudi. Lakini hakutaka kupunjwa, ndipo akatuomba tumpimie.

— Hii ni nini kwanza? Dabasso akauliza.

— Rili ya kuvulia samaki, nikamwambia. Inafungwa kwa fimbo. Unarusha ndoano, samaki akishika unazungusha, anakuja.

— Leta.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua na kuishusha kama anayepima mwana-mbuzi. Akafunga macho. Sisi tukaweka vikombe chini, maana mzee huyu akikadiria uzito wa dume, mizani ndiyo huona aibu.

— Imekonda, akasema.

— Mzee Dabasso, vitu za maana ndio nyepesi. Ata baiskeli ya mashindano ni nyepesi.

— Spoki, mimi sinunui baiskeli. Kitu haina uzito ni kitu haijakula. Hii imetoka mahali ya ukame.

— Imetoka baharini, Mama Lokol akasema.

— Basi hiyo bahari haina nyasi.

Akazungusha mkono wa rili. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kinazunguka vile. Mimi nimeweka beringi kwenye magurudumu ya Isiolo yote, na hakuna hata moja iliyozunguka kimya namna hiyo. Moyo wangu ulitaka kuikumbatia. Dabasso akaiweka sikioni, akatikisa kichwa.

— Haina sauti. Mnyama ikikosa sauti, jua ni kifua.

— Mimi pia niliona hivyo, Kinoti akadakia. Nikasema, hii kitu ni kama ni mgonjwa. Lakini namwonea Mama huruma.

— Kimya ni beringi nzuri, nikasema. Ikipiga kelele ndio mbaya.

— Wewe umeoa, Spoki? Dabasso akauliza. Hujaoa, kimya hujui. Basi nyamaza.

Mahat akaichukua. Yeye hapimi uzito, yeye hutafuta maandishi. Pembeni akaona tarakimu: 8.1:1. Akazionyesha kama mtu aliyepata hati ya shamba.

— Mnaona hii? Nane kwa moja. Maana yake ndoano moja, samaki nane. Huko ng'ambo hawaandiki kitu kama haijapimwa na serikali.

— Hiyo ni meno ya gia, nikamweleza. Ukizungusha mkono mara moja, ile roli ya ndani inazunguka mara nane na kidogo. Kama sproketi ya pikipiki.

Nilipotaja meno nilikosea. Dabasso alinyoosha shingo.

— Iko na meno?

— Ndani.

— Fungua nione umri.

— Mzee, hii si ngamia. Nikifungua hapa na huu upepo, spring moja ikiruka tutaitafuta mpaka mvua.

— Sasa nitajuaje kama ni mtamba ama imezeeka? Unataka nimdanganye Mama Lokol?

Nikakataa katakata. Akaona nimekaza, akatosheka na kuchungulia kwenye kitundu cha uzi kwa jicho moja. Akapuliza. Akanusa. Akasema inanuka chumvi, kwa hivyo imeshatumika, na mnyama akishatumika ni lazima uulize mwenyewe anamuuza kwa nini. Halafu akagundua jambo lililomfanya airudishe kwenye soksi haraka.

— Mbona mkono ya kuzungushia iko kushoto?

Mahat akasogea mbali kidogo kwenye benchi.

— Wallahi hii haifai. Chakula unavuta na mkono ya kushoto? Huyo samaki utamkula aje?

— Samaki hajui, Mama Lokol akasema, akimmiminia Kinoti kahawa.

— Samaki hajui, lakini mimi nishajua.

— Hiyo nayo inapunguza, Kinoti akasema kwa huzuni kubwa. Huko kwa kambi watu wote ni wa kulia. Lakini sawa tu, mimi nimejitolea.

Nilimtazama Kinoti. Alikuwa ameiponda rili tangu alipofika, lakini kila ilipobadilisha mkono macho yake yaliifuata. Dabasso naye alimwona, maana aliniminya goti kwa siri. Mtu anayemtukana ng'ombe na haondoki zizini, Dabasso anamjua kuliko anavyojua watoto wake.

— Swali si mkono, Mahat akaanza, na tukajua Satelaiti imeshika mawimbi. Swali ni, Lokol alipewa na nani? Hii kitu hupewi kama kazi yako ni kuosha boti. Lokol ameshakuwa nahodha.

— Hajaniambia, Mama Lokol akasema.

— Nahodha haambii mtu, ni siri ya kazi. Sikiliza. Amekuwa nahodha, akambeba tajiri mkubwa. Tajiri akashika samaki kubwa kama lori. Akasema, kijana, chukua hii rili yangu. Hapo hapo binti yake alikuwa amekaa kando, anaangalia.

— Binti ametoka wapi sasa?

— Spoki, matajiri hawatembei bila binti. Binti akampenda Lokol. Baba yake akasema sawa, lakini mtume kitu kwa mama yake kwanza, tuone kama ni watu wa heshima. Ndio hii. Mkiibadilisha na ng'ombe, mmekataa posa.

Ndama akalia. Mama Lokol alikuwa ameacha kumimina.

— Na harusi watafanyia wapi? akauliza, nusu akicheka.

— Hapa. Nyinyi mnafikiri huu uwanja yetu ya ndege ulijengwa kubwa hivi kwa nini, na ndege ni chache? Unangojea tu.

Tulicheka mpaka Dabasso akapaliwa na tangawizi. Mama Lokol alicheka pia, lakini alicheka akiangalia chini, na mimi nikamwonea uchungu. Tunamfanyia mzaha na kijana wake hapatikani kwa simu.

— Wacheni maneno, akasema. Mimi nataka kujua kama inafanya kazi.

Hapo tulikubaliana wote, jambo ambalo halijatokea tena. Nikaifunga rili kwenye bakora ya Dabasso kwa vipande vya mpira wa tyubu, nikafunga nati kubwa mwisho wa uzi mahali pa ndoano. Mahat alidai ndiye anayejua, kwa sababu amewahi kuona mtu akivua kwenye simu. Akasimama katikati ya barabara, miguu imepanuka, akabonyeza kitufe, akarusha.

Nati iliruka vizuri sana. Ilipita juu ya mtaro, ikampiga ng'ombe wa Kinoti kwenye paja. Ng'ombe akapiga teke, akamwaga ndoo yangu ya maji. Nati ilisimama, lakini rili haikusimama. Iliendelea kuzunguka kwa ile raha yake ya kimya, ikitoa uzi usio na pa kwenda, mpaka uzi ukafura juu ya roli kama nywele za mtu aliyetoka kitandani.

— Ungeweka kidole gumba, nikasema. Ni kama breki. Nati ikitua, unakandamiza.

— Wewe ulijua na ulinyamaza?

— Nimejua sasa hivi.

Mahat akavuta uzi, ukakaza. Akavuta mwingine, ukawa fundo. Kinoti akasimama na kupangusa suruali yake, na huzuni yake ikazidi.

— Basi sasa mnaona. Imeharibika. Na ng'ombe yangu imegongwa. Mimi nilikuwa nimesema ng'ombe, lakini ndama nitarudi nayo.

— Ndama ilikuwa ndani ya maneno, Dabasso akasema.

— Ndama ilifuata mama yake tu.

Dabasso alitandua shuka lake begani, akalitupa juu ya mkono wake wa kulia, akaunyoosha. Kinoti akaingiza wake chini ya shuka. Hivyo ndivyo wanavyofanya sokoni: vidole vinasema, nguo inaficha, na sisi wengine tunasoma nyuso. Wakigonganisha viganja imekwisha, hata mwenye mali akilia. Mahat aliinama kuchungulia, Dabasso akamkanyaga kidole cha mguu bila kugeuka.

Uso wa Kinoti ulikunjamana. Wa Dabasso ulikaa kama ukuta. Shuka lilitikisika, likatulia, likatikisika tena. Mwishowe Dabasso akamgeukia Mama Lokol, mkono ungali ndani.

— Ng'ombe na ndama. Amekubali. Mama Lokol, nigonge?

Mama Lokol alimtazama yule ng'ombe. Alikuwa ng'ombe mzuri, mbavu zimefunikwa, kiwele kimejaa. Maziwa yale yangemtoa kwenye jua hili na kumkalisha kwake. Kisha akaitazama rili kwenye bakora, na ule uzi wake uliovurugika. Alifungua mdomo, na nadhani alikuwa anasema ndiyo.

— Salaam aleikum.

Alikuwa Maryan, anayepokea mizigo pale ofisi ya mabasi. Alikuwa amebeba gunia kichwani, anahema.

— Aleikum salaam, tukaitikia.

— Mama Lokol, unisamehe. Jana mzigo yako ilikuwa mbili, mimi nikakupa moja. Hii ilikuwa imelaliwa na magunia ya vitunguu.

Akaliweka chini. Mama Lokol akakata kamba kwa kisu changu. Ndani mlikuwa na blanketi la kijivu, limechakaa pembeni. Mlikuwa na sufuria ndogo iliyoungua chini, kijiko, ndala, na mto wa kulalia ambao bado ulikuwa umebonyea katikati. Hakukuwa na kitu kipya hata kimoja. Maryan alivitazama vile vitu, kisha akatutazama sisi, watu wazima tuliokuwa tumeipima rili tangu asubuhi.

— Sasa mtu akituma blanketi yake, na mto, na sufuria, akauliza, yeye mwenyewe analala wapi?

Nilimgeukia Mahat. Mahat alikuwa ameinama, anazipangusa vumbi zile ndala. Jibu lilikuwa limetujia sote kwa pamoja, nilijua kwa jinsi tulivyoepuka kutazamana. Lakini nani angelisema? Tukilisema halafu lisiwe, mama huyu tungemuua sisi. Nilifurahi kana kwamba basi la Lokol limeshapiga honi, na niliogopa vilevile.

Dabasso aliutoa mkono wake chini ya shuka polepole, bila kugonga.

— Na jogoo naongeza, Kinoti akasema.

Mama Lokol aliinua blanketi, akalipeleka puani, akakaa nalo hapo kitambo. Kisha akalikunja, akalirudisha kwenye gunia na vitu vingine vyote, akaifungua rili kutoka kwenye bakora na kuiweka juu yake, na mafundo yake yote.

— Kinoti, toa hiyo ng'ombe kwa jua, akasema. Imesimama sana.

— Na kahawa, Mama Lokol? Dabasso akauliza.

— Birika hiyo hapo. Jimiminieni.

Akajitwika gunia. Maryan akamsaidia kuliweka sawa.

— Hii blanketi ni chafu sana, Mama Lokol akatuambia. Nikiifua saa hii, na hii jua, jioni itakuwa imekauka.