Nakiru Ekwam na Ubatizo wa Birikani

Wazee wa kanisa, majirani na jamaa mliotoka Lodwar, Kalobeyei na kwingineko, familia imenituma mimi Lokaale, shemeji yake, niwasomee maisha ya mama yetu.

Marehemu Nakiru Ekwam alizaliwa tarehe 4 Aprili 1971 huko Lokitaung, akasoma shule ya msingi papo hapo hadi darasa la nane, kisha akashuka Lodwar kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, kazi ambayo aliichukia na hakuificha. Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na kaka yangu Ebenyo, wakahamia Kakuma, wakajaliwa watoto wanne, Akiru akiwa kifungua mimba. Mwaka 2009 kamati ya maji ilimpa kazi ya kuendesha pampu ya kisima kilicho ng'ambo ya lagga ya Tarach, mto unaotiririka msimu wa mvua tu, na kwa miaka kumi na tano ufunguo wa pampu ulining'inia shingoni mwake, hata kanisani.

Mwaka 2022 mvua ilikuwa imekataa misimu minne, Tarach ilikuwa mchanga mtupu, na kanisani kwetu watu kumi na mmoja walikuwa wakingoja ubatizo, mmoja wao Ebenyo mwenyewe, aliyekuwa amekwepa kanisa miaka thelathini, na ambaye sasa, saratani ya koo ikiwa imembakishia sauti ndogo tu, alikuwa ameomba kwa kinywa chake abatizwe. Kwamba mtu huzamishwa mwili wote, hilo halikuwa na ubishi kwetu, ubishi ulikuwa maji yatoke wapi. Kuna waliotaka twende mto Turkwel kule Lodwar, safari ambayo Ebenyo asingeimaliza, wengine wakasema tungoje mvua, naye mzee Erupe akataka tuchimbe shimo nyuma ya kanisa, tutandike turubali, Nakiru afungue pampu tulijaze.

Nakiru alisimama, akasema, "Amri ni kuzamisha mtu. Haikusema tumwage maji ya akina mama waliopanga mitungi tangu jana. Ufunguo siutoi."

"Hata kwa mume wako?" Erupe akamuuliza.

"Hata kwake."

Nakiru akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Alimsimulia Akiru baadaye kwamba siku ile hakwenda nyumbani moja kwa moja, alikaa kwenye kisima mpaka jua likaegemea, na alipofika nyumbani, Ebenyo alikuwa ameshaambiwa, akageukia ukuta, hakumsemesha siku mbili.

Siku ya tatu, akilijaza birika la mifugo kama kila asubuhi, alilitazama urefu wake, akaona linamtosha mtu kulala, akafunga pampu, akaenda moja kwa moja kwa mhubiri wetu Pontien, ndugu yetu kutoka Burundi. Pontien alisoma Maandiko yake, kisha akasema, "Mama, hapa wanasema maji. Birika halijakatazwa." Erupe alisema ni aibu watu wa Mungu kuzama mahali mbuzi wanapokunywa, lakini birika lilikuwa la wafugaji, na wa kutoa ruhusa alikuwa mfugaji Nanok, mwenye zamu ya Jumapili, ambaye mifugo yake haikuwa imeonja maji siku tatu.

"Ejok, Mama Akiru," Nanok alimsalimu kwa Kiturkana. "Hiyo watu yako itakunywa maji ya mbuzi yangu?"

"Hawanywi. Wanaingia, wanatoka."

"Jua ikitoka, mbuzi inaingia. Mimi siwezi kuizuia."

Jumapili tarehe 16 Oktoba, alfajiri, Nakiru alijaza birika nusu tu ili maji yasimwagike watu wakilala ndani, na Pontien akaanza. Kumi walipita. Wa mwisho alikuwa Ebenyo, tukambeba vijana wawili na mimi, jua limeshachomoza, na mbuzi, waliokuwa wamesikia harufu ya maji, wakawaponyoka wafugaji wakaja mbio huku Nanok akipiga kelele tuondoke. Pontien alimlaza, na kwa kuwa kaka yangu alikuwa mrefu, goti moja likabaki nje. "Bado!" Erupe akapaza sauti. "Goti halijazama!" Mbuzi wa kwanza walikuwa wameshafika ukingoni. Hapo Nakiru akaingia birikani na gauni lake, akaliweka goti la mumewe chini kwa mikono miwili, na Pontien akamzamisha tena, akazama mwili wote.

Alipoinuliwa, Ebenyo alimtazama mkewe aliyelowa mpaka kifuani, akacheka, akasema kwa ile sauti ndogo, "Mama Akiru, na wewe umerudia ubatizo." Walitoka wameshikana huku mbuzi wakinywa, naye Nakiru akafungua pampu akalijaza birika mpaka juu. Kaka yangu alifariki tarehe 5 Novemba.

Tangu hapo ndugu wengi wamebatizwa humo, na mzee Erupe, ambaye kwa miezi hakumsalimu Nakiru, ndiye aliyemshika mkono gari lilipomtoa Kakuma, moyo wa Nakiru ulipoanza kushindwa mwishoni mwa mwaka jana. Alilazwa Lodwar, akafariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, Akiru akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa kamati ya maji, mhubiri Pontien na kanisa zima.

Nakiru, mke wa kaka yangu, kazi yako imekwisha na hakuna anayekudai neno, lala salama, Bwana akupe amani yake.