Mkunga wa Pirikwa

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Keji pale Hai Malakal, basi Juba hujaijua, umepita tu. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, mbele yake jiko la mkaa, na juu ya jiko kahawa ya tangawizi inayoweza kumwamsha maiti akauliza habari za amani. Tangu mkataba wa amani utiwe sahihi, kila mtu mjini hapa anajenga kitu au anangoja kitu, na sisi wa benchini ni mabingwa wa hilo la pili. Mimi ni Jethro, Mkenya, nafundisha hesabu shule moja ya Atlabara, wananiita Mwalimu. Yuko Trevor, Mkenya mwenzangu, fundi bomba wa hoteli, aliyejipa cheo cha Injinia na hakuna aliyejisumbua kumpinga. Yuko Lodu, ambaye ni Mheshimiwa, kwa sababu redio ni yake na hasemi neno mpaka asimame. Na yuko Kenyi, jina la kazi Brashi, mchora mabango. Nusu ya mabango ya mji huu yametoka mkononi mwake. Sote wanne wake zetu wako ng'ambo ya mpaka, na Keji hutuita wajane wenye wake. Tunacheka, lakini inauma.

Jumamosi hiyo ubishi ulikuwa uleule wa tangu Jumanne. Siku hiyo ya Jumanne waziri wa afya alisimama bungeni kujibu maswali ya wabunge, na redio ikarusha yote. Mbunge mmoja aliuliza akina mama wa mbele ya Rejaf wanazalia wapi. Waziri akapekua karatasi zake, akasema kituo cha afya cha Pirikwa kimekamilika na kinahudumia akina mama. Wabunge wakapiga meza. Sasa, Pirikwa ndiko kwao Kenyi, na Kenyi alikuwa ametoka huko wiki iliyotangulia.

— Hakuna mtu kule, Kenyi alisema, kwa mara ya ngapi sijui. Mimi nimeona na macho yangu. Nyumba iko, mabati iko, popo iko. Mkunga hakuna.

— Mheshimiwa Spika! Lodu akasimama, kikombe mkononi. Waziri hawezi kudanganya bunge. Sheria iko. Kama yeye anasema mkunga iko, basi mkunga iko. Swali ni moja tu: iko wapi?

— Yuko hapa hapa town, buda, Trevor akadakia. Ameandikwa Pirikwa, analala Juba. Nani atakubali kulala na popo? Hata pengine anatuuzia kahawa. Keji, wewe si ndiye mkunga?

— Mimi nikikuwa mkunga, Keji alijibu huku anapepea jiko, wewe ningekurudisha ndani.

Tulicheka mpaka ubao ukalia. Kenyi hakucheka.

Tulijua kwa nini. Mwaka wa kwanza wa amani, yeye na mkewe Peace walirudi kutoka Adjumani, kule Uganda walikokulia ukimbizini, wakajenga kwao Pirikwa. Peace alikuwa mjamzito. Uchungu ulipomshika, mvua ilikuwa imeigeuza njia ya Juba kuwa uji, na lori walilolipata likazama kwenye tope. Mtoto alizaliwa humo ndani ya lori, na hakulia. Peace aliporudi Adjumani hakurudi kwa hasira. Alimwambia mumewe: nakupenda, lakini mimi sizai tena kwa matope, siku Pirikwa itapata mkunga, niite. Kenyi alikuwa akivuka mpaka kumtembelea, na sasa Peace alikuwa na mimba nyingine, na mwezi wake ulikuwa umekaribia. Kenyi alitaka huyu azaliwe nyumbani, kitovu chake kizikwe kando ya jiwe la kusagia la marehemu mama yake, pale kilipozikwa chake mwenyewe kabla ya vita kuwafukuza. Alikuwa ametusimulia habari za jiwe hilo hadi mimi, mtu wa Kapsabet, nilianza kulionea hamu.

— Injinia hafikiri mbali, Lodu aliendelea, hajaketi bado. Dunia imeendelea. Huyo mkunga anakaa Nairobi. Mama akilala kwa kitanda, ile setilaiti inamwona kutoka juu. Mkunga anapiga simu, anasema: sukuma!

— Na mtandao ukipotea? nikamuuliza.

— Mama anangoja. Mvumilivu hula mbivu.

— Zii! Trevor akapiga goti lake. Sikizeni niwaambie siri. Kuna Pirikwa mbili. Moja ya watu, moja ya wafadhili. Hiyo ya wafadhili imefichwa kisiwani katikati ya Nile. Iko na lami, stima masaa yote, wakunga wamejaa mpaka wanazalishana wao kwa wao. Wageni wanapelekwa na boti, wamelazwa chini wasione njia.

— Kwa nini walazwe?

— Mwalimu, na umesoma! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapana, hapana, Mheshimiwa Spika, taarifa! Lodu alikuwa amepanda sauti hadi wapita njia wakapunguza mwendo. Hiyo hospitali iko chini ya ardhi. Wakati wa vita sisi tulificha kila kitu chini. Bunduki, sufuria, kengele ya kanisa. Wakunga pia walishuka. Mpaka leo wako huko chini na taa ya mafuta, wanangoja. Hakuna mtu ameenda kuwaambia kwamba vita imekwisha.

Keji aliacha kupepea.

— Si wao peke yao, alisema polepole. Wengi bado hawajaambiwa.

Kaka zake wawili wako Khartoum tangu yeye yuko mdogo. Ndipo Kenyi akaweka kikombe chini.

— Kalas. Nyamazeni sasa. Hiyo kituo, ni mimi nimefungua.

Tukamgeukia. Alikuwa anakwangua rangi kwenye kucha zake, buluu ya serikali, ile isiyotoka.

Alitueleza bila kupandisha macho. Baada ya mavuno, vijana wa Pirikwa walifyatua matofali, wakajenga nyumba nzuri, wakaezeka mabati. Wazee walisema kuku hatagi mahali pasipo na kiota. Tuweke kiota, kuku atakuja. Wakatengeneza kitanda. Mkunga hakuja. Wakachimba choo, wakalima hata bustani ya mkunga ya bamia. Hakuja. Ndipo Kenyi akaona kinachokosekana ni bango. Akalichora hapa Juba, kwa mkono uleule unaochora ya mahoteli na mashirika: maandishi ya buluu juu ya nyeupe, Kiingereza kilichofunga tai, jina la kijiji, kituo cha afya, na chini yake neno uzazi, pamoja na mama amepakata mtoto. Akalibeba kwa boda, akalisimika kando ya barabara kubwa, ili mkubwa yeyote akipita aone kwamba kila kitu kiko tayari, kimebaki mtu tu.

— Na mkubwa alipita?

— Gari nyeupe ya wizara. Njia ilikuwa na matope, haikuingia ndani. Walishusha kioo, wakapiga picha bango, wakaenda. Mimi niliwapungia mkono.

— Lakini Brashi, nikasema, si ungeandika tu kwamba mnaomba mkunga?

— Mwalimu, bango ya kuomba imejaa njia yote. Nani anasoma?

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia waziri, kazi nyepesi na ninayoipenda. Sasa nikakosa wa kumkasirikia. Kumkasirikia Kenyi ningewezaje? Alichora kile alichokitamani, akakichora vizuri mno, na watu wakakiamini. Nilimhurumia, nikamsogezea kahawa yangu.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Lodu alijaribu, lakini aliisema akiwa ameketi.

— Umemwambia Peace? Keji akauliza.

— Nataka kumwambia. Simu yake imezima tangu jana.

Hapo ndipo boda ilipopinda kona kutoka upande wa Kastomu, kituo cha mabasi ya Nimule, mpakani. Nyuma ya dereva alikaa mwanamke kiupandeupande, amekumbatia begi, vumbi limemfanya mwekundu kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ndara, na tumbo lake limetangulia mbele yake. Alishuka pole pole, akashika kiuno, akatutazama mmoja mmoja mpaka akamfikia wa mwisho.

— Nyinyi mnakaa na bwana yangu hapa, mnamnywesha kahawa, na mimi nakosa mtu wa kunibebea begi?

Kenyi aliruka. Alimfikia, akanyoosha mikono, akaiona ina rangi, akairudisha, kisha akamshika hivyohivyo. Sijawahi kuona mtu mzima amefurahi vile. Alicheka kama amepaliwa. Sisi tuliobaki tulitazama pembeni, kila mmoja akimfikiria wa kwake, maana wivu ulitujaa na hatukuona haya.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Lodu alisimama tena, na safari hii hata mimi nilimpigia makofi.

Tukampisha benchini. Keji akainamisha birika, akamkamulia kahawa yote iliyobaki, nusu kikombe na machicha.

— Kunywa, dada. Umekujaje na hali hii?

— Si nyinyi mliniita! Peace alicheka. Tulisikia kwa redio, pale Adjumani, waziri mwenyewe na mdomo yake. Pirikwa imepata kituo, akina mama wanazaa pale. Wanawake wa kwetu walipiga vigelegele kwa bomba ya maji mpaka wenye nchi wakauliza nani anaolewa. Mimi nikasema, mbona Kenyi hanipigii? Nikajua anataka kunishangaza, ndiyo maana nikazima simu. Nimemshangaza mimi.

Alimgusa Kenyi bega. Kenyi alikuwa amechuchumaa miguuni pake, mkono mmoja juu ya begi, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni kidogo kidogo.

— Peace, alisema.

— Ngoja kwanza nikuonyeshe.

Alifungua begi juu ya magoti yake. Akatoa vitu ambavyo mama huko kwao huenda navyo kuzaa: karatasi ya plastiki ya kutandika, glavu, wembe mpya, sabuni. Chini kabisa kulikuwa na kitenge, kipya, cha kijani na manjano, kimekunjwa ndani ya gazeti kisichafuke. Alikipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

— Hii si yangu. Hii nimemletea mkunga. Mtu akikubali kuacha kwao, aende kukaa Pirikwa kwa ajili yetu, lazima tumheshimu. Mtoto akiwa msichana, tutampa jina lake.

Alituangalia, amefurahi, amechoka, kitenge mikononi.

— Anaitwa nani?

Trevor alitazama ndani ya kikombe chake kitupu. Keji alianza kupepea jiko lisilokuwa na kitu juu yake. Redio ilikuwa bado inasema, na Mheshimiwa aliinama akaizima.

— Kenyi, Peace aliuliza tena. Mkunga wetu anaitwa nani?